Uso Wako Nitautafuta

Ilikuwa Jumapili asubuhi, nimesimama mbele ya kusanyiko nikiwa na kipaza sauti katika mkono wa kushoto, na wimbo wa kuabudu tuliokuwa tukiuimba ulikuwa umefika mahali ambapo vyombo hunyamaza na sauti za watu hubaki zenyewe. Nikainua mkono wa kulia, kama nilivyokuwa nimeuinua kila Jumapili kwa miaka tisa ya kuongoza sifa. Mkono wa shati ukateremka kidogo, saa ikaonekana, nami nikaisoma kwa macho yaliyofumbwa nusu: zilikuwa zimebaki dakika nne kabla ya mahubiri. Nikapiga hesabu kwamba kiitikio kingeweza kurudiwa mara mbili, nikawapa wapigaji ishara ya vidole viwili, kisha nikaendelea kumwimbia Bwana kwamba hakuna ninayemtamani duniani ila yeye.

Hakuna aliyeona. Baada ya ibada mama mmoja mtu mzima alinishika mikono yote miwili, macho yake yakiwa bado yana machozi, akaniambia, “Mwanangu, leo uwepo wa Mungu ulikuwa mzito mahali hapa. Bwana akubariki sana.” Nikamwitikia amina, na amina ile ikanikwama kooni, kwa sababu nilijua kwamba mama yule alikuwa akisema kweli. Alikuwa amekutana na Mungu wake. Ni mimi niliyekuwa mahali pengine, nikihesabu dakika.

Nilipofika nyumbani nilifungua Hesabu 20, sura ambayo nilikuwa nimeisoma mara nyingi bila kujiona ndani yake. Watu wana kiu, Mungu amemwagiza Musa auambie mwamba utoe maji, naye Musa, akiwa amejaa hasira, anainua mkono wake na kuupiga mwamba mara mbili kwa fimbo. Maji yakatoka mengi, watu wakanywa na wanyama wao pia. Kisha Mungu akamkemea Musa na Haruni kwamba hawakumwamini wala hawakumstahi mbele ya wana wa Israeli. Sikuwa nimetambua kamwe jinsi jambo hili lilivyo la kutisha kwa mtu yeyote anayehudumu: maji yaweza kutoka, watu wenye kiu wakanywa na kushiba, na mkono ulioinuliwa ukawa haukumheshimu Mungu hata kidogo. Neema yake kwa watu wake haikusubiri moyo wangu utengemae, na namshukuru kwa hilo, lakini kutoka siku hiyo sikuweza tena kutumia machozi ya wengine kama kipimo cha hali yangu mwenyewe.

Nilimwomba mchungaji anipumzishe kwa muda, naye akanikubalia bila kuniuliza maswali mengi. Yote ninayoyaandika hapa nilijifunza katika kipindi hicho, nikiwa nimeketi kwenye viti vya nyuma.

Jambo la kwanza lilihusu neno. Makanisani neno “uwepo” limeshika sana: tunasema uwepo umeshuka, tunaukaribisha uwepo, tunaumia pale tusipouhisi. Silikatai neno hilo, wala simsahihishi mama yule aliyelitumia kwa usafi wa moyo. Hata hivyo, Biblia ya Kiswahili tuliyolelewa nayo, pale ambapo maandiko ya Kiebrania yana neno panim, mara nyingi sana imeandika “uso”. Daudi haombi asitengwe na uwepo, bali anasema, “Usinitenge na uso wako.” Katika Zaburi 139 haulizi aukimbilie wapi uwepo wa Mungu, anauliza, “Niende wapi niukimbie uso wako?” Na baraka ambayo makuhani waliagizwa kuitamka juu ya watu, ambayo tunaisikia mwishoni mwa ibada tukiwa tayari tunakusanya mizigo yetu, inautaja uso mara mbili: Bwana akuangazie nuru za uso wake, Bwana akuinulie uso wake.

Tofauti hii si ya wanaisimu peke yao. Uwepo, kwa jinsi nilivyokuwa nikilitumia neno lile, ulikuwa ni hali ya hewa ndani ya jengo, kitu ambacho kiongozi hodari anaweza kukiandaa kwa kupunguza sauti ya vyombo kwa wakati unaofaa. Uso ni wa mtu. Uso unakutazama. Mwenye uso anaweza kuzungumza nawe, anaweza kuhuzunika, na anajua ni lini macho yako yamemwacha na kwenda kwenye saa. Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini tuutamani uwepo wa Mungu wakati yeye yuko kila mahali, jibu langu ni kwamba watu wawili wanaweza kushinda katika chumba kimoja kuanzia asubuhi hadi jioni, kila mmoja amempa mwenzake kisogo. Katika Yeremia 2 Mungu analalamika kwa neno hilohilo, kwamba watu wake wamempa visogo na si nyuso. Alikuwa hajaenda mbali nao. Wao ndio waliokuwa wamegeuka.

Sura ambayo imenikalisha chini kwa miezi mingi zaidi ni Kutoka 33. Israeli wamekwisha kutengeneza ndama ya dhahabu, na Mungu anamwambia Musa awachukue watu waende kwenye nchi waliyoahidiwa: atamtuma malaika mbele yao, atawafukuza Wakanaani na Waamori na Wahiti, nchi itakuwa ni ileile inayotiririka maziwa na asali, ila yeye mwenyewe hatakwenda katikati yao. Ukiisoma polepole utaona kwamba hakuna baraka iliyopunguzwa. Ahadi zote zimebaki, ushindi umebaki, ulinzi umebaki. Kinachokosekana ni Mungu mwenyewe, na watu waliposikia hivyo wakalia, hata pakawa hapana mtu aliyevaa vyombo vyake vya uzuri. Musa naye, alipoambiwa baadaye, “Uso wangu utakwenda pamoja nawe, nami nitakupa raha,” alijibu kwa maneno ambayo nimeyanakili kwenye karatasi na kuyabandika ukutani mahali ninapoombea: “Uso wako usipokwenda pamoja nami, usituchukue kutoka hapa.” Hapa alipopataja palikuwa jangwani. Alikuwa tayari kubaki jangwani pamoja na Mungu kuliko kuimiliki Kanaani pasipo yeye.

Nilijiuliza swali lililo wazi, ambalo kila mwenye kuabudu sharti ajiulize akiwa peke yake: kama ningepewa vyote ninavyoviomba, afya, kazi, watoto wenye adabu, huduma inayokua, kisha nikaambiwa kwamba Mungu mwenyewe hatakuwamo, je, ningetambua pengo kabla ya mwaka kwisha? Sitaiandika hapa tarehe niliyolijibu swali hilo kwa ukweli, lakini nakumbuka kwamba jibu lilinitoa machozi ambayo nyimbo hazikuwa zimenitoa kwa muda mrefu.

Hapo ndipo Zaburi 42 iliponifikia upya. Wengi wetu tunaijua kwa mstari wake wa kwanza, “Kama ayala aioneavyo shauku mito ya maji, vivyo hivyo nafsi yangu inakuonea shauku, Ee Mungu,” na tunaiimba kwa utulivu kana kwamba ayala, yule mnyama wa porini mwenye mbio anayefanana na paa, amesimama kando ya kijito kwa amani. Mnyama wa zaburi hii hajayapata maji. Anayatamani. Zaburi nzima ni kilio cha mtu aliye mbali, katika nchi ya Yordani na milima ya Hermoni, ambaye machozi yake yamekuwa chakula chake mchana na usiku huku watu wakimwuliza kila siku, Mungu wako yuko wapi? Na katika mstari wa nne anasema neno ambalo nilikuwa nimelipita miaka yote: anakumbuka jinsi alivyokuwa akienda pamoja na mkutano, na kuwaongoza nyumbani kwa Mungu kwa sauti za furaha na kusifu.

Kumbe mwenye kiu hii alikuwa kiongozi wa sifa! Aliyeandika maneno ya shauku kuu kuliko mengi katika Maandiko ni mtu ambaye siku zake za kuongoza umati zilikuwa nyuma yake, na mbele yake hakuna ila nafsi iliyoinama. Siwezi kueleza faraja niliyoipata kwa kulijua hilo. Tangu hapo nimeamini kwamba kumwonea Mungu shauku si dalili ya mtu aliyeachwa na Mungu, kwa sababu hakuna aliyekufa anayeona kiu. Anayeona kiu yu hai, na tena ameshawahi kuonja maji. Katika Zaburi 27 Daudi anafunua asili ya kiu hiyo: ni Mungu aliyetangulia kusema, “Nitafuteni uso wangu,” ndipo moyo wa Daudi ukajibu, “Bwana, uso wako nitautafuta.” Basi hata kule kumtamani ni kuitika tu. Sauti ya kwanza ilikuwa yake.

Kwa nje, mazoea niliyoyaanza yalikuwa madogo. Niliamka kabla ya watu wa nyumbani, nikaketi kwenye kiti kilekile, nikasoma fungu fupi, nikanyamaza. Majuma ya mwanzo hayakuwa na kitu. Akili ilizunguka kwenye shughuli za siku, nikasinzia, nikaamka, nikarudi kwenye mstari uleule. Nasema hivi kwa ajili ya yeyote anayedhani kwamba akimgeukia Mungu leo atakutana na moto kesho alfajiri. Wakati mwingine hukutana nao. Mimi nilikutana na ukimya, na nikagundua kwamba nilikuwa siujui ukimya hata kidogo, kwa kuwa ibada zangu zote zilikuwa na sauti.

Kisha nikalitazama neno lenyewe, kusifu. Sifa ya kitu ni ile hali yake inayokieleza kilivyo, kwa hiyo kumsifu mtu ni kumtaja kwa zile sifa alizo nazo. Hilo lilinishtua, kwa maana nilipotaka kumsifu Mungu bila wimbo nilijikuta nina sifa tano au sita tu, nazo zote nimezikariri kutoka kwenye mapambio. Nilikuwa nimemsifu kwa miaka tisa bila kuongeza neno moja la kwangu. Nikaanza kuandika katika daftari sifa moja kila siku kutoka katika fungu nililolisoma, na kukaa nayo hadi usiku. Katika Kutoka 33 Musa anaomba aonyeshwe utukufu, naye anaambiwa kwamba mwanadamu hawezi kuuona uso wa Mungu akaishi. Lakini katika sura inayofuata Bwana anapita mbele yake na kulitangaza jina lake, na tangazo lile ni orodha ya sifa: mwingi wa huruma, mwenye fadhili, si mwepesi wa hasira, mwingi wa rehema na kweli. Aliyeomba kuona alipewa kusikia jinsi Mungu alivyo. Ndipo, andiko linasema, Musa akafanya haraka, akainamisha kichwa chake hata nchi, akasujudu. Angalia mpangilio huo. Hakujilazimisha kusujudu ili Mungu ajifunue. Mungu alijifunua, na magoti yakafuata.

Asubuhi moja sifa iliyokuwa kwenye daftari langu ilikuwa hii: si mwepesi wa hasira. Nilikaa nayo kama dakika kumi, na mtu aliyenijia mawazoni alikuwa ndugu yetu mpiga kinanda. Miezi saba kabla ya hapo nilikuwa nimemkaripia mbele ya waimbaji wote kwa kuanza wimbo katika ufunguo usio sahihi, na tangu siku hiyo tulikuwa tukisalimiana kwa midomo na kuzungumza kuhusu nyimbo tu. Tulikuwa tumesimama hatua tatu kutoka kwa kila mmoja, Jumapili baada ya Jumapili, tukiwaongoza watu mbele za uso wa Mungu huku sisi wenyewe hatutazamani.

Kuna maagizo katika Walawi 6 ambayo ni nadra kuhubiriwa. Moto wa madhabahuni haukupaswa kuzimika kamwe, na kuhani aliagizwa kuweka kuni juu yake kila asubuhi. Hilo tunalikumbuka, na tunalipenda kwa sababu moto unapendeza kuhubiriwa. Lakini kabla ya kuni yanatajwa majivu. Kuhani alivaa mavazi yake ya kitani, akayazoa majivu ya sadaka ya usiku na kuyaweka kando ya madhabahu, kisha akabadilisha mavazi na kuyachukua hadi nje ya marago, yaani kambi, mahali safi. Moto wenyewe haukuwa wa kuhani, maana Walawi 9 inaeleza kwamba ulitoka mbele za Bwana. Kazi ya mwanadamu ilikuwa kuni na majivu. Mimi nilikuwa nimerundika kuni juu ya majivu ya miezi saba, nikashangaa kwa nini moto unatoa moshi.

Nikaenda nyumbani kwake jioni ileile, kwa maana Yesu alikwisha kusema katika Mathayo 5 kwamba ukiikumbuka huzuni ya ndugu yako ukiwa mbele ya madhabahu, uiache sadaka yako papo hapo, uende ukapatane naye kwanza. Alifungua mlango akiwa na taulo begani na mikono iliyolowa. Nilikuwa nimeandaa maneno marefu, na yote yakapotea. Nikasema, “Ndugu yangu, nilikuaibisha mbele za watu, na sikuwahi kukuomba msamaha. Nisamehe.” Alinyamaza kwa muda ulioonekana mrefu kwangu, akijifuta mikono kidole kimoja kimoja. Kisha akasema, “Nilikuwa nimeshaamua kuacha kupiga. Nilikuwa nangoja mwisho wa mwezi.” Akanipisha nikaingia.

Ninalisimulia jambo hili kwa sababu nilikuwa nikidhani kwamba moyo wa ibada hukuzwa kwa ibada tu, yaani kwa kuongeza saa za kuimba na kuomba. Kwa kinywa cha Amosi Mungu aliwaambia Israeli wamwondolee kelele za nyimbo zao, kwamba hataki kusikia sauti ya vinanda vyao, bali hukumu na iteremke kama maji na haki kama maji makuu. Kiswahili chenyewe kinashuhudia hivyo. Kuabudu na ibada ni maneno yenye asili ya Kiarabu, ya shina moja na abd, yaani mtumwa, na mtumwa haachi kuwa mtumwa wimbo unapokwisha. Mpishi jikoni, mhasibu aliye mbele ya vitabu vyake, mzazi anayeamshwa mara ya tatu usiku na mtoto mgonjwa, kila mmoja wao anaweza kuelekeza uso wake kwa Bwana mikono yake ikiwa kazini. Kuhusu Martha na Mariamu mengi yameshasemwa. Mimi naongeza tu kwamba Yesu hakumlaumu Martha kwa kupika, alimwambia kwamba anasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi.

Wala sipendi nieleweke kana kwamba nadharau hisia, au vyombo, au mikono iliyoinuliwa. Mungu anayestahili kuabudiwa kwa roho na kweli anastahili machozi pia, na ngoma, na sauti iliyofanyiwa mazoezi vizuri. Ila hisia huja na kuondoka kama mvua, na anayemtafuta Mungu kwa ajili ya hisia atamwacha zikikauka. Mwandishi wa Zaburi 42 na 43 anaiuliza nafsi yake mara tatu kwa nini inainama, na mara tatu anaiambia imtumaini Mungu, kwa maana bado atakuja kumsifu. Mara ya tatu hali yake haijabadilika kuliko ya kwanza. Bado yuko mbali, bado adui zake wapo. Lakini uso wake umeelekea kunakofaa. Na kwetu sisi tulio katika agano jipya, Paulo anaandika kwamba nuru ya elimu ya utukufu wa Mungu imetung'aria katika uso wa Yesu Kristo, hivyo ombi ambalo Musa hakupewa mlimani limejibiwa kwa namna ambayo hakuiwazia.

Nimerudi kuongoza sifa tangu mwaka jana. Kuna Jumapili ambazo moyo unawaka kabla sijafungua kinywa, na kuna nyingine ambazo naimba kama mtu aliye katika nchi kame, nikishikilia sifa moja tu niliyoiandika asubuhi. Tabia moja nimeipata kwa Yoshua mwana wa Nuni, ambaye Kutoka 33 inamtaja kwa sentensi moja tu: Musa alipokuwa akirudi maragoni baada ya kusema na Bwana uso kwa uso, kijana Yoshua hakutoka mle hemani. Hakuna kinachosemwa kuhusu alichokuwa akikifanya humo. Alibaki tu. Nami sasa, watu wakishatoka, hubaki.

Jumapili iliyopita nilibaki kwenye kiti cha mbele wakati ndugu yetu mpiga kinanda akikunja nyaya zake. Alizikunja zote, akazifunga, akazitia kwenye mfuko. Kisha badala ya kuondoka akarudi kwenye kinanda ambacho kilikuwa kimeshazimwa, akaketi, akaweka vidole juu ya vitufe visivyotoa sauti, na kuanza kuimba kwa sauti ya chini wimbo tulioufungia ibada. Nikamfuata kwa sauti ya pili. Mhudumu aliyekuja kufunga madirisha alitukuta hapo, naye akaketi.